Kujuana, Heshima na Faida: Uhusiano wa Watu Unavyoendesha Biashara ya Kichina

Guanxi ni mtandao wa watu wanaojuana, wanaoaminiana na wanaodaiana fadhila. Katika biashara ya Kichina mtandao huo huamua nani atapewa mzigo kwa mkopo, nani atadokezwa mapema kwamba bei ya malighafi inapanda, na oda ya nani itatangulia mashineni siku kiwanda kimezidiwa. Mfanyabiashara wa Kariakoo, Eastleigh au Kikuubo anayeagiza bidhaa Guangzhou au Yiwu hukutana nao kabla hajaona mashine hata moja: katika kikombe cha chai anachowekewa mezani, katika jina la mtu aliyemtambulisha, na katika bei ya kwanza anayotajiwa, ambayo mara nyingi siyo anayopewa mteja wa siku nyingi.

Mwanasosholojia Fei Xiaotong, aliyeandika katika miaka ya 1940, aliifananisha jamii ya Kichina na mawimbi madogo yanayotawanyika jiwe linapotupwa majini. Kila mtu yuko katikati ya duara zake mwenyewe, na wajibu hupungua kadiri duara linavyosogea mbali. Duara la ndani ni familia. Linafuatiwa na watu wa kijiji kimoja au mji mmoja, waliosoma darasa moja, waliotumikia jeshi pamoja, waliowahi kufanya kazi idara moja. Mgeni anayekuja na fedha taslimu na asiyemjua mtu yuko kwenye duara la nje kabisa. Anaweza kusogezwa ndani, lakini hatua hiyo huchukua muda na mara nyingi huhitaji mtu wa kumshika mkono.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki jambo hili halina ugeni mkubwa. Koneksheni zinafahamika, na undugunaizesheni ilipewa jina hilo la dhihaka zamani. Tofauti iko kwenye hesabu. Fadhila ya Kichina, yaani renqing, huwekwa kumbukumbu kichwani kwa umakini wa mhasibu. Aliyetendewa anadaiwa, na deni hulipwa kwa wakati wake, tena kwa kuzidisha kidogo, ili upande wa pili nao ubaki unadaiwa na uhusiano uendelee. Anayelipa papo hapo, kwa thamani ileile, huonekana anafunga daftari. Anayepokea miaka nenda rudi bila kurudisha chochote huachwa taratibu, bila maneno.

Pamoja na fadhila kuna mianzi, yaani heshima ya mtu mbele ya wenzake, na xinyong, yaani sifa ya kulipa na kutimiza. Mambo haya matatu hayana uzito sawa. Mtu mwenye xinyong mbaya hawezi kuokolewa na karamu wala zawadi, na mfanyabiashara mgeni ambaye hana ndugu wala rafiki wa utotoni nchini China hujenga nafasi yake kwa hilo zaidi kuliko kwa jingine lolote: kulipa salio siku aliyosema.

Chimbuko lake

Ni kosa kuiona guanxi kama mila ya kale tu. Mageuzi ya kiuchumi yalipoanza mwaka 1978, mtu binafsi aliyefungua karakana hakuwa na sheria ya kumlinda, benki za serikali hazikuwa na hamu ya kumkopesha, na malighafi nyingi ziligawiwa kwa mpango wa dola. Katiba iliitambua sekta binafsi mwaka 1988, na ulinzi wa mali ya mtu binafsi ukaingizwa humo mwaka 2004. Katika miaka hiyo ya katikati wamiliki wengi walisajili kampuni zao kama mali ya pamoja ya kijiji au mtaa, mbinu iliyoitwa kuvaa kofia nyekundu. Bila ofisa wa eneo kuridhia, kofia hiyo haikupatikana.

Watafiti Katherine Xin na Jone Pearce, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1996, walikuta kwamba wakuu wa kampuni binafsi ndio walioegemea zaidi uhusiano wa watu, na ndio waliotoa zawadi nyingi zisizorudishwa, kuliko wakuu wa mashirika ya umma. Uhusiano ulikuwa unaziba pengo lililoachwa na sheria na taasisi. Miaka miwili baadaye Douglas Guthrie, aliyechunguza kampuni za viwanda za Shanghai, aliandika kwamba umuhimu wa guanxi ulikuwa unapungua, kwa sababu mameneja wa kampuni kubwa walianza kuangalia bei, ubora na kanuni. Matokeo hayo mawili hayapingani. Mahali taasisi zilipokomaa, kujuana hupoteza uzito, na zilipo dhaifu kunabaki mfalme.

China ilijiunga na Shirika la Biashara Duniani Desemba 2001, na Kanuni ya Madai ya nchi hiyo ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2021. Teknolojia nayo imefanya sehemu yake. Huduma ya malipo ya Alipay, iliyoanza mwaka 2004, ilishikilia fedha za mnunuzi hadi athibitishe kupokea bidhaa, na watu wasiojuana kabisa wakaweza kuuziana. Kwa hiyo mfanyabiashara anapopanga safari, jambo la kwanza la kujiuliza ni aina ya watu anaokwenda kushughulika nao. Kampuni kubwa ya Shenzhen yenye idara ya mauzo ya nje na mameneja vijana itajibu barua pepe na kutoa bei kwa karatasi. Karakana ya familia katika mji mdogo wa Zhejiang au Fujian itataka kwanza kumjua anayenunua.

Mauzo yanapanda, faida inabaki palepale

Swali la iwapo guanxi inaongeza ufanisi wa kampuni limejibiwa kwa utafiti, na jibu lina makali yake. Seung Ho Park na Yadong Luo, katika utafiti wa mwaka 2001 uliohusu kampuni 128 za China ya kati, walikuta kwamba mtandao wa uhusiano huongeza ukuaji wa mauzo lakini huathiri kidogo sana ukuaji wa faida. Unasaidia kampuni kupanua soko na kujiweka vizuri mbele ya washindani. Hauboreshi kazi za ndani. Mwaka mmoja kabla yao, Mike Peng na Yadong Luo walionyesha kwamba uhusiano wa mameneja na wakuu wa kampuni nyingine na maofisa wa serikali husaidia utendaji wa kampuni, ila kwa viwango tofauti kulingana na aina ya umiliki, sekta, ukubwa wa kampuni na kasi ya ukuaji wa soko lake.

Sababu ya mauzo kupanda na faida kubaki inaonekana mtu akifuata fedha zinavyotembea. Kiwanda cha vigae kinachopata oda kubwa kupitia mtu aliyesoma na mwenye kiwanda huuza bila kutangaza. Hata hivyo mnunuzi huyo hawezi kuombwa malipo ya awali kama mteja wa kawaida, na akichelewa kulipa miezi minne hakuna anayethubutu kumbana. Mpwa wake anapotafuta kazi, nafasi inatafutwa. Karamu, zawadi za Mwaka Mpya na keki za mwezi za sikukuu ya katikati ya vuli zinaingia kwenye matumizi. Tanuri nalo linaendelea kuvunja vigae kama lilivyokuwa likivivunja. Hakuna urafiki unaorekebisha joto la tanuri.

Hapa ndipo ulipo mpaka ambao ushauri wote unaofuata umejengwa juu yake. Uhusiano hutumika kupata taarifa, kasi, mkopo na uvumilivu wakati wa shida. Ukitumika kuthibitisha ubora wa bidhaa, kupanga bei au kulinda malipo, unakuwa gharama iliyofichwa, na hasara hujulikana kontena linapofunguliwa bandarini.

Mfano wa Wenzhou

Hakuna mji unaoonyesha pande zote mbili za guanxi kuliko Wenzhou, mji wa pwani katika jimbo la Zhejiang. Umezungukwa na milima, una ardhi haba ya kilimo, na serikali ilikuwa haijauwekezea sana. Watu wake waligeukia viwanda vidogo vya viatu, vifungo, swichi za umeme, viberiti vya gesi na miwani, na mitaji yao ilitoka kwa ndugu na majirani. Walicheza hui, ambazo kwa Mswahili ni upatu: kila mwanachama hutoa fungu lake, na mmoja huchukua mkupuo wote kwa zamu au kwa kushindania riba. Mkopo ulitolewa kwa neno la mdomo au kikaratasi, kwa kuwa aliyekimbia na fedha aliacha nyuma familia isiyoweza tena kuonekana mtaani. Kwa mtindo huo Wenzhou ilijenga viwanda mapema kuliko miji iliyosubiri benki, na watu wake walitawanyika kufanya biashara kote China na hadi Italia na Ufaransa wakibebana kwa mtindo uleule.

Mwaka 2011 tawi la benki kuu mjini humo lilikadiria kwamba karibu asilimia 90 ya kaya na karibu asilimia 60 ya kampuni zilishiriki katika mikopo hiyo ya kujuana, yenye thamani ya yuani bilioni 110. Mwaka huohuo serikali ilikaza mikopo ya benki ili kudhibiti mfumuko wa bei. Riba za mitaani zikaruka. Fedha nyingi hazikuwa tena viwandani. Zilikuwa zimekwenda kwenye nyumba na viwanja vilivyotarajiwa kupanda bei. Wamiliki wakaanza kutoroka, akiwemo mwenye moja ya kampuni kubwa za miwani mjini humo, na mwezi Oktoba Waziri Mkuu Wen Jiabao akalazimika kwenda Wenzhou mwenyewe.

Kilichoangusha kampuni nyingi zaidi ni dhamana za pande zote. Benki zilikuwa zimekubali kampuni zidhaminiane mikopo, na katika mji wa watu wanaojuana hakuna aliyeweza kumkatalia rafiki sahihi yake. Kampuni moja ilipoanguka, mdhamini akadaiwa. Mdhamini alipoyumba, waliomdhamini yeye wakadaiwa. Kiwanda chenye oda za kutosha na madeni ya wastani kilijikuta kikilipa deni la mtu aliyenunua maghorofa. Kwa mwagizaji wa kigeni funzo ni la moja kwa moja: muuzaji anaweza kuwa mwaminifu, mwenye mashine nzuri na vitabu safi, na bado akafungwa na deni la rafiki yake. Malipo ya awali yasizidi kiasi ambacho mwagizaji anaweza kukipoteza na biashara yake ikaendelea.

Maofisa, zawadi na mstari wa sheria

Uhusiano na maofisa ndio unaolipa haraka na kuua haraka. Ardhi ya viwanda, vibali vya mazingira na mikopo ya benki za umma hupitia mikononi mwa watu, na kampuni yenye mtu ofisini hupata nafuu. Ofisa huyo akihamishwa mkoa mwingine, nafuu huondoka naye. Akikamatwa, daftari lake la simu ndilo huanza kusomwa.

Mwezi Desemba 2012 uongozi wa Chama cha Kikomunisti ulitoa kanuni nane za kubana matumizi na anasa za maofisa. Karamu za gharama, pombe za bei mbaya na zawadi za kifahari zilipungua ghafla, na kampeni dhidi ya rushwa iliyofuata imedumu. Mwaka 2014 mahakama ya Changsha iliitoza kampuni ya dawa ya GlaxoSmithKline faini ya yuani bilioni 3 kwa kuhonga ili dawa zake ziuzwe. Sheria ya Kuzuia Ushindani Usio wa Haki ya mwaka 1993, iliyorekebishwa mwaka 2017, inagusa hata hongo kati ya kampuni binafsi, na tangu mwaka 2011 raia au kampuni ya Kichina inayomhonga ofisa wa nchi nyingine inatenda kosa la jinai chini ya sheria za China. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Dar es Salaam au Mombasa anayeambiwa na mshirika wake kwamba "kwa Wachina ndivyo inavyokwenda" anaambiwa habari zilizopitwa na wakati, na pengine anatengenezewa kesi.

Zawadi ya kawaida bado ni ya lazima kiadabu. Inatosha ikiwa ndogo, ya nyumbani, na imetolewa waziwazi: kahawa ya Kilimanjaro, chai ya Kericho, korosho za Mtwara, viungo vya Zanzibar, mchoro wa Tingatinga. Ya mkuu iwe bora kidogo kuliko za wasaidizi, na kama haziwezi kutofautishwa, itolewe moja kwa ofisi nzima. Saa ya ukutani au ya mezani haitolewi, kwani huhusishwa na kifo. Mwavuli huhusishwa na kuachana. Karatasi nyeupe ya kufungia huonekana ya msiba. Namba nne hukwepwa na nane hupendwa, kiasi kwamba Olimpiki ya Beijing ilifunguliwa tarehe 8 Agosti 2008. Pembe za ndovu haziguswi hata kwa utani: biashara yake ilipigwa marufuku China mwishoni mwa mwaka 2017, na nyumbani ni jela.

Kuingia kwa mlango wa mtu

Njia bora ya kuingia ni kutambulishwa. Mtambulishaji huweka rehani heshima yake mwenyewe. Mgeni akivurunda, aibu ni yake, na muuzaji akidanganya, anayo sababu ya kumfuata. Watanzania, Wakenya na Wakongo walioishi Guangzhou kwa miaka, hasa kuzunguka mtaa wa Xiaobei, hufanya kazi hii kama mawakala. Huduma yao ina thamani, ila ni vema ijulikane tangu mwanzo kwamba wakala anaweza kulipwa na pande zote mbili. Kamisheni yake iandikwe, na mwagizaji awe na mawasiliano ya moja kwa moja na kiwanda.

Asiye na mtu aanze na maonyesho ya Canton, yanayofanyika Guangzhou tangu 1957, mara mbili kwa mwaka, majira ya kuchipua na ya vuli. Kadi hupokelewa kwa mikono miwili, husomwa, haitiwi mfukoni kama risiti. Jina la ukoo hutangulia, na mtu huitwa kwa jina hilo pamoja na cheo, hata baada ya kuzoeana. Baada ya hapo mazungumzo huhamia WeChat, na humo ndimo biashara yote huendeshwa, hadi usiku wa manane na siku za mapumziko. Oda ya kwanza iwe ndogo na ilipwe kwa wakati, hata kama faida yake ni ya kuhesabika kwa vidole. Inanunua xinyong, ambayo oda ya tatu itaitumia.

Mezani

Chakula cha pamoja hupima tabia zaidi kuliko kujadili bei. Mwenyeji anataka kuona kama mgeni ana subira, kama anawajali walio chini yake, kama anatukana watu wengine wakiwa hawapo. Mgeni husubiri kuonyeshwa kiti, maana viti vina ngazi, na anayekaa penye nafasi yoyote anaweza kumvua mtu heshima bila kujua. Anayegonganisha glasi na mkubwa wake hushusha ukingo wa ya kwake. Chakula huonjwa hata kwa kiasi kidogo. Bili ni ya mwenyeji. Mgeni hualika siku nyingine, na kulipa kwa siri kunaweza kumfedhehesha aliyekaribisha.

Pombe ya baijiu, ambayo nguvu yake mara nyingi huzidi asilimia 50, imewatisha wengi. Asiyekunywa aseme kabla ya glasi ya kwanza, atoe sababu ya dini au ya afya, na ainue chai katika kila salamu kwa uchangamfu uleule. Kukataa katikati, baada ya glasi mbili, ndiko kunakoudhi. Mwislamu ana njia rahisi kuliko anavyodhani: China ina mamilioni ya Waislamu, migahawa ya halali ya tambi za Lanzhou iko karibu kila mji, na msikiti wa Huaisheng wa Guangzhou ni miongoni mwa mikongwe zaidi nchini humo. Kumwalika muuzaji kwenye mgahawa wa namna hiyo humwondolea mwenyeji wasiwasi wa kuchagua chakula, na ni fadhila atakayoikumbuka.

Yanayosemwa mezani hubaki mezani mpaka yaandikwe. Asubuhi inayofuata mgeni hutuma ujumbe wa shukrani wenye mistari mitatu au minne ya yaliyokubaliwa: bei, idadi, tarehe. Ujumbe huo ni adabu na ni ushahidi kwa pamoja, kwani sheria ya mwenendo wa madai ya China inakubali data za kielektroniki mahakamani.

Heshima na mzigo mbovu

Hakuna mahali ambapo mianzi hugusa faida kama kwenye malalamiko ya ubora. Mnunuzi anayempigia kelele msimamizi mbele ya wafanyakazi wake atajibiwa kwa tabasamu, ataombwa radhi, na oda yake itasukumwa nyuma ya zote. Inayofaa ni kumwita mwenye kiwanda kando, kumwekea mezani picha na sampuli iliyoidhinishwa, na kumwuliza watafanyaje. Akiachiwa nafasi ya kutoa suluhisho yeye mwenyewe, hutoa kubwa kuliko ambalo angelazimishwa. Mara nyingi atapendekeza punguzo katika oda ijayo badala ya kurudisha fedha. Pendekezo hilo hukubaliwa kwa sharti kwamba kiasi kinaandikwa sasa hivi na kupigwa muhuri.

Kukataa waziwazi huonekana ukali, kwa hiyo "tutaliangalia" na "kuna ugumu kidogo" mara nyingi ni hapana. "Ndiyo" inaweza kumaanisha tu kwamba maneno yamesikika. Maswali ya ndiyo au hapana basi hayana kazi. Anayeuliza kama mzigo utakuwa tayari tarehe 10 ataambiwa utakuwa tayari. Anayeuliza ni vipande vingapi vimeshonwa hadi leo, na kuomba picha zake, hupata jibu la kweli. Mfanyakazi wa chini naye hampelekei bosi wake habari mbaya kwa hiari, hivyo kasoro inaweza kukaa wiki tatu ndani ya kiwanda kila mtu akiijua isipokuwa mwenye nacho. Picha za kila wiki huitoa nje.

Kalenda

Sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina huangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari. Likizo rasmi ni ya siku chache, lakini viwanda hupungukiwa watu kwa wiki kadhaa, kwa kuwa wafanyakazi wengi hurudi vijijini. Ni desturi pia kumaliza madeni kabla ya mwaka kugeuka, kwa hiyo muuzaji anayedai salio Januari anadaiwa na wengine, na anayemlipa wakati huo humwokoa aibu. Oda iondoke kabla ya sikukuu au ianze mwezi mmoja baada yake. Inayotengenezwa wiki ya kwanza baada ya likizo hupita mikononi mwa wafanyakazi wapya, na kasoro huonekana. Wiki ya kwanza ya Oktoba nayo ni likizo ya taifa.

Mtu anapoondoka

Guanxi ni ya mtu na mtu. Kampuni haina. Muuzaji aliyemhudumia mteja miaka minne anaweza kuhamia kiwanda kingine, hasa baada ya Mwaka Mpya, na kuondoka na namba zote. Mteja akimfuata bila kukagua, anaagiza kwa watu asiowajua kwa imani aliyoijenga kwingine. Akibaki, anaanza upya na mgeni. Kinga ni kujuana na angalau watu watatu katika kila kampuni: mwenyewe, mhasibu na msimamizi wa uzalishaji. Kinga hiyohiyo huzuia wizi uliozoeleka wa ujumbe unaosema akaunti ya benki imebadilika. Hakuna fedha inayotumwa kwenye akaunti mpya kabla ya mwenye kampuni kuthibitisha kwa sauti yake.

Karatasi bila kuudhi

Wengi huogopa kwamba kudai nyaraka kutamuudhi rafiki. Dawa ni kulitoa ombi mikononi mwa mtu na kulitia katika utaratibu: benki inataka, mshirika anataka, kanuni za kampuni zinataka. Hakuna anayevunjiwa heshima na kanuni.

Leseni ya biashara ya Kichina ina namba yenye jumla ya tarakimu na herufi 18 inayoweza kuhakikiwa katika mfumo wa taifa wa taarifa za kampuni, pamoja na jina la mwakilishi wa kisheria. Jina la akaunti ya benki lifanane na la leseni. Ombi la kulipia akaunti ya mtu binafsi ni kengele. Mkataba uwe na Kichina, na upigwe muhuri mwekundu wa duara wa kampuni, kwani huko muhuri una nguvu kuliko sahihi. Malipo yaliyozoeleka ni asilimia 30 mwanzoni na 70 mzigo ukikamilika, na asilimia 70 hizo zisiondoke kabla ya mkaguzi asiye wa kiwanda kuhesabu na kupima.

Muuzaji anaweza kurudi baada ya kutia muhuri akiomba bei iangaliwe upya kwa sababu chuma au pamba imepanda. Kwa mwenye mtazamo wa guanxi huo si usaliti. Mkataba ni mwanzo wa safari na marafiki husaidiana njiani. Ombi lenye ushahidi linaweza kukubaliwa kwa sehemu, na fadhila hiyo iandikwe. Lisilo na ushahidi hukataliwa kwa upole, kwa kisingizio kilekile cha kanuni.

Mgogoro usiomalizika kwa mazungumzo hupelekwa kwanza kwa aliyewatambulisha. Asipofua dafu, mkataba wenye kifungu cha usuluhishi mbele ya CIETAC, tume ya usuluhishi wa kibiashara iliyoanzishwa Beijing mwaka 1956, una faida kuliko kesi ya mahakama ya nyumbani. Tanzania imo katika Mkataba wa New York wa kutambua tuzo za usuluhishi tangu 1964, China tangu 1987, Kenya tangu 1989 na Uganda tangu 1992, hivyo tuzo ya upande mmoja hutekelezeka upande wa pili. Kwa kontena moja la bidhaa za bei nafuu gharama za usuluhishi zinaweza kumeza dai lenyewe. Hapo linalobaki ni kukubaliana punguzo kwa maandishi yenye muhuri, na kutotuma malipo ya awali ya oda mpya hadi la zamani liwe limelipwa.